Mashudu Yasiyopita Motoni

Ng'ombe wa kwanza wa Mzee Ndama alikufa amesimama, ameegemea ukuta wa banda kama mlevi aliyesahau kwake. Wa pili alikufa akigaragara, akiipiga sakafu kwa kwato mpaka saruji ikamenyeka. Wa mwisho alikuwa mtamba mwenye mimba. Huyo alihara damu tangu alfajiri, na jua lilipopanda alikuwa amelala ulimi nje, na watoto mapacha wa Mzee Ndama, wanaume wazima wenye ndevu, wamekaa kwenye kinyesi wanalia.

Ilipofika saa ya chakula cha mchana mapacha hawakuwa wanalia tena. Walikuwa kwenye lango la kiwanda, nyuma yao nusu ya mtaa, mikononi mipini ya majembe. Mmoja ana panga.

"Mtoeni!" yule mwenye panga alipiga kelele. "Mtoeni huyo muuza sumu, au tunaingia kumchukua wenyewe!"

Kukiita kiwanda ni kukipa heshima. Lilikuwa ghala la mabati, sakafu inateleza kwa mafuta, na katikati mtambo mmoja wa kukamulia, unanguruma mpaka meno yanawasha. Walikuwa wakikamua mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo. Ni mbegu ndogo zenye madoa, ukiishika moja utadhani umeshika kupe aliyeshiba. Mafuta yanatoka upande huu, na upande wa pili yanatoka makapi, vipande vikavu vya kahawia, bapa kama vigae. Hayo makapi ndiyo mashudu.

Mashudu yalikuwa ya Shemeji. Alikuwa mume wa dada yake Nyundo, msimamizi wa mtambo, na kwa kuwa Nyundo alimwita shemeji kutwa nzima, kiwanda kizima kikamwita Shemeji, hata wazee wa kumzaa. Alikuwa akifagia chini ya mtambo, anajaza magunia, anayapakia kwenye mkokoteni na kuwauzia wafugaji wa karibu, nao wanachanganya na pumba. Miaka na miaka. Ng'ombe wakinenepa, maziwa yakitoka, hakuna aliyelalamika ila bei.

Lakini miaka hiyo yote mbarika ilikuwa inapikwa kwanza. Nyuma ya ghala kulikuwa na jiko la kuni na mapipa makubwa. Mbegu zinachemshwa humo mpaka zivimbe, zinaanikwa, ndipo zinakamuliwa. Wote waliamini moto ule ni wa kulainisha mbegu ili zitoe mafuta upesi. Hiyo tu. Mwaka huu Tajiri, mwenye kiwanda, akapata mnunuzi wa mafuta ya nywele, mtu wa masharti, anayetaka mafuta meupe yasiyopita motoni. Jiko likabomolewa, mapipa yakauzwa vyuma chakavu. Wafanyakazi walishangilia, maana moshi ulikuwa umewala mapafu. Mashudu yakaendelea kutoka rangi ile ile, harufu ile ile, kwenye magunia yale yale. Hakuna aliyeuliza kitu. Angeuliza nini?

Nyundo alitoka kwenda langoni akiwa bado anajifuta mafuta mikononi. Jina lile hakulipata kwa sababu ya kushika nyundo. Alilipata kwa sababu ya kichwa chake, ambacho alikuwa akikitumia kwenye nyuso za watu tangu alipokuwa mbeba mizigo. Hakuwa mtu wa maneno. Na siku ile alikuwa na sababu. Dada yake alikwishazika mume mmoja. Alipoolewa mara ya pili alimshika kaka yake mkono mbele ya wageni akamwambia, "Wa kwanza Mungu alimchukua, sina la kusema. Huyu nakukabidhi wewe." Watu walicheka, lakini Dada hakuwa anacheka.

"Nani unamwita muuza sumu?" Nyundo akauliza.

"Shemeji yako! Ametuulia ng'ombe watatu! Toka njiani, zee la mafuta!"

"Rudi nyuma."

"Nisiporudi?"

Nyundo hakujibu kwa mdomo. Alimshika pacha mkono wenye panga, akamvuta kwake kama anayetaka kumkumbatia, na kichwa kikaenda. Pua ya yule kijana ilipasuka, damu ikaruka mpaka kwenye mabati. Panga likaanguka. Pacha wa pili akamchapa Nyundo mpini wa jembe begani, mara mbili, na mara ya tatu Nyundo akaukamata ule mpini na kumtia nao tumboni. Mawe yakaanza kunyesha juu ya paa. Mtu akalia kwamba ameumia jicho. Mtambo ulikuwa bado unanguruma ndani, maana hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Hapo ndipo Shemeji alipotoka ghalani, nywele zimejaa vumbi la mashudu, njiti ya meno mdomoni.

"Jamani, jamani! Kwani kuna arusi ambayo sikualikwa?"

Watu wengine walishindwa kujizuia wakacheka. Ndivyo alivyokuwa, angeweza kuchekesha hata msibani.

Mzee Ndama alipenya mbele. Hakuwa na fimbo. "Umeniulia ng'ombe," akasema. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Mzee wangu, hebu tukae kwenye akili. Mimi nikuulie ng'ombe nipate nini? Ng'ombe wakiisha, mashudu namuuzia nani? Nile mwenyewe?"

"Ehe!" akasema yule pacha wa pua, akitema damu. "Hilo ndilo neno. Kula mwenyewe."

"Ale!" mtu akadakia nyuma. Umati ukapokea. "Ale! Ale! Ale!"

Nyundo aliposikia hivyo moyo wake ulitua. Enzi za mapipa walikuwa wakitafuna mashudu kwa kubishana, nani atamaliza kipande bila kunywa maji. Yeye mwenyewe alikwisha kula mara nyingi. Yana ladha ya mbao na hayamfanyi mtu kitu. "Hilo tu?" akasema. "Mngesema mapema tusingevunjana pua."

Akaingia ndani, akaokota kipande kilichotoka mtamboni sasa hivi, bado kina joto la kukamuliwa, akatoka nacho na kukivunja gotini. Nusu akaiweka kwenye kiganja cha Shemeji, nusu akaipeleka mdomoni kwake.

"Si wewe!" pacha akafoka. "Anayeuza ndiye ale!"

Nyundo akatupa nusu yake chini. "Kula, shemeji," akasema. "Waonyeshe wehu hawa."

Shemeji alikula. Alikula kwa mbwembwe, kidole cha mwisho juu kama mtu wa hotelini. "Limekosa chumvi kidogo," akasema. Akaomba maji, akaletewa. Alipomaliza alifungua kinywa, akawaonyesha chini ya ulimi kama mtoto aliyepewa dawa, akajipiga tumbo na kumwambia Mzee Ndama, "Sasa nikianza kutoa maziwa, msinikamue bila kunawa."

Wakasubiri. Jua lilikuwa la utosi. Mzee Ndama alikaa kwenye debe tupu, macho yake yako kwenye tumbo la Shemeji kama mtu anayengoja maji yachemke. Shemeji alizunguka, akacheza kidogo, akambeba mtoto wa mtu begani. Sumu ambayo watu wanaifahamu ina haraka. Nyoka anauma, mtu anaanguka. Panya anaonja, anafia hapo hapo. Walimngoja aanguke na hakuanguka, na kadiri alivyosimama ndivyo mipini ya majembe ilivyozidi kushuka.

Wahenga walisema sumu haijaribiwi kwa kuonjwa. Siku ile hakuna aliyekumbuka maneno hayo.

"Sasa kama si mashudu," mwanamke mmoja akasema, "ni nani aliyewadunga sindano wale ng'ombe juzi?"

Kila mtu alijua ni nani. Daktari wa mifugo alipita juma lile akichanja banda kwa banda.

Na kama aliyeitwa na shetani, pikipiki yake ikasikika ikipanda mtaa. Alikuwa kijana mwembamba, amevaa buti za mpira na aproni iliyojaa damu, kwa sababu alikuwa anatoka kumpasua yule mtamba wa Mzee Ndama kutafuta kilichomuua. Alisimamisha pikipiki huku akiinua mkono, ana jambo la kusema.

Hawakumpa nafasi. Pacha mwenye pua nzima alimchomoa juu ya kiti kwa kola. Pikipiki ikalala ubavu, gurudumu linazunguka. Aliyekuwa mbele kuliko wote alikuwa Shemeji mwenyewe, maana hakuna mwenye hasira kama mtu aliyetoka kusingiziwa. Nyundo alikuja nyuma yake, na alikuja kwa furaha.

"Ni mashudu!" daktari alipiga kelele akiwa chini, mikono kichwani. "Nimempasua! Utumbo wote umechubuka, umejaa damu, na mashudu yamo! Acheni kulisha mashudu!"

"Mwongo!" Shemeji alimpiga teke la mbavu. "Mwongo mkubwa! Nimeyala mimi! Mbele ya watu wote hawa, nimeyala!"

Daktari akaondoa mikono usoni. Alikuwa anapigwa bado. Mtu alimtia kofi na mwingine teke la paja, naye hakujikinga. Alimtazama Shemeji.

"Umekula?"

"Nimekula!"

"Lini?"

"Sasa hivi! Mzee, mwambie!"

"Kiasi gani?"

Shemeji, bila kujua kwa nini anamjibu, akafungua kiganja kuonyesha.

"Zile mbegu," daktari akasema, damu inamtoka kwenye fizi, "bado mnazipika? Nilikuwa naona moshi hapa kila siku. Moshi uko wapi?"

Wazo lilimgusa Nyundo kama nzi anavyogusa shavu. Akalifukuza.

"Mpelekeni hospitali," daktari akasema. "Twende sasa hivi akiwa bado anacheka. Nampakia mimi."

Watu waliangua kicheko. "Anatafuta njia ya kukimbia!" "Mgonjwa gani huyo, anapiga mateke kama punda!" Daktari alijivuta kwa tumbo, akamshika Shemeji kifundo cha mguu, akang'ang'ania. Shemeji alitikisa mguu, hakuachiwa. Akamkanyaga bega, hakuachiwa. "Twende," daktari alikuwa anasema, "twende, ndugu yangu, twende." Watu wakazidi kucheka. Shemeji akamgeukia Nyundo, naye anacheka pia. "Nitolee huyu kupe."

Nyundo aliinua buti na kulishusha juu ya ule mkono. Mifupa ililia kama kuni kavu. Vidole vikafunguka vyenyewe.

Walichoma pikipiki. Walimwacha daktari kwenye mtaro, na mwanamke mmoja aliyeuza mboga akampata baadaye akamkodia gari. Nyundo na Shemeji walirudi kazini. Mchana wote Shemeji alisimulia upya jinsi alivyokula, akiongeza chumvi kila mara, mpaka ikawa alikula vipande viwili na kuomba cha tatu.

Jioni, nyumbani, alikataa chakula. Alimwambia mkewe tumbo linaunguza kama amemeza kaa la moto. Dada akadhani ni ghasia za mchana. Akampa chai, akaitapika.

Asubuhi Dada alikuja kumgongea kaka yake peku, bila mtandio. Alimshika mkono tu, akamvuta. Nyundo alipoingia chumbani alimkuta Shemeji amejikunja ukutani, midomo imekauka, macho yamezama. Pembeni kulikuwa na ndoo. Nyundo aliangalia ndani ya ndoo ile. Alikwishaona kitu kama hicho jana yake jioni, kwenye sakafu ya banda la Mzee Ndama, alipopita kutazama akitoka kazini.

"Shemeji," Shemeji akasema kwa sauti ya mtu mwingine. "Huyo kupe alisema ukweli nini?"

"Nyamaza. Usiongee."

Alimlaza kwenye mkokoteni wa magunia na kuuburuta mwenyewe, akikimbia, Dada anashikilia kichwa cha mumewe kisigonge mbao. Kwenye lango la hospitali mlinzi alisema mikokoteni hairuhusiwi, wapange foleni. Nyundo alimpiga kichwa bila kusimama. Mlinzi akakaa chini polepole, kofia imemfunika macho.

Ndani hakuna aliyeshangaa. Muuguzi aliuliza kala nini, Nyundo akasema mashudu ya mbarika, na muuguzi akafungua pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, dripu imetundikwa tayari.

"Kuna mgonjwa aliletwa jana amevunjwa mkono," akasema. "Kabla hatujamgusa akatuambia tutandike kitanda, kuna mwenzake anakuja. Tumewangoja usiku kucha. Mmechelewa."

Walipomaliza kumchoma sindano za dripu, Nyundo alimtafuta yule daktari wa mifugo. Alimkuta wodi ya pili, mkono kwenye plasta mpaka kwenye kiwiko, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Umekuja kumalizia wa pili?" daktari akasema, akauinua ule mzima.

Nyundo alisimama. Hakujua aweke wapi mikono yake.

"Kaletwa?"

"Kaletwa."

"Anatapika damu?"

"Ndiyo. Dawa yake ipo?"

"Haipo."

"Ya nyoka ipo."

"Ya nyoka ipo. Ya hii haipo. Watampa maji, watamshikilia, mwili wake upigane wenyewe."

"Lakini tulikuwa tunayala! Mimi mwenyewe nimeyala, sikuumwa hata kichwa!"

"Mlikuwa mnakula sumu iliyokufa. Moto uliiua. Na hata hivyo mlikuwa mnabahatisha, siku kuni zingepungua mngezikana zamani."

"Mafuta je? Watu wanapewa mafuta ya mbarika tangu enzi za mababu."

"Haikai kwenye mafuta. Inabaki kwenye makapi. Mlikuwa mnauza usafi kwa chupa na sumu kwa gunia."

Nyundo alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Kitanda kikalia. "Mbegu gani yenye roho mbaya hivyo?" akasema. "Mtu hajaikosea kitu."

"Haina roho. Mti hauwezi kukimbia, haung'ati, hauna pembe. Mwanawe yuko ndani ya ile mbegu, naye umempa silaha aliyoweza. Nyoka anawindia, nyuki analindia mzinga, mbarika inalindia mche. Haimchukii mtu. Chuki ilikuwa kwenye buti lako."

Nyundo aliangalia buti lake.

"Mbona hakuanguka?" akauliza. "Tulimngoja pale. Angeanguka, hata mimi…"

"Kwa sababu haipigi kama wewe unavyopiga. Wewe ukipiga watu wanaona. Umeme ukikatika pale kwenu, gurudumu la mtambo linasimama hapo hapo?"

"Linazunguka kwanza."

"Basi. Mwili una vitambo vyake vidogo, kila mahali, vinautengenezea kinachouweka hai. Sumu hii inaingia humo na kuvivunja, kimoja kimoja. Na mtu anaendelea kutembea, anacheka, anapiga watu mateke. Mnaona gurudumu linazunguka mnasema mzima." Akafunga lile jicho lake lililobaki. "Magunia mengine yako wapi?"

Nyundo hakuwa ameyafikiria. Alitoka mbio. Langoni alikutana na pacha wa pua iliyovunjika, ametoka kushonwa, naye alipomwona akarudi nyuma na kuokota jiwe.

"Lishike hilo jiwe, utalihitaji," Nyundo akamwambia. "Twende tukakusanye mashudu."

Siku ile walizunguka banda kwa banda, yeye na mapacha. Wengine walitoa kwa hiari. Mfugaji mmoja alidhani wanamwibia akamkata pacha wa pili kwa sepeto begani. Nyundo akamlaza chini na kumkalia mgongoni huku mapacha wakimwaga hori. Mjane mmoja aliwamwagia maji ya moto, na walipomweleza akalia, akasema angewasikiliza kwanza kama wangebisha hodi. Kiwandani Tajiri alisimama mbele ya ghala amekunja mikono, akisema haya magunia ni mali yake na lori liko njiani. Nyundo alimbeba mzima mzima, akamtupa kwenye dimbwi la mafuta machafu, akaingia. Aliuzima mtambo, akauvunja shingo kwa nondo ili usiwake tena. Kisha wakamwagia magunia mafuta yale yale ya mbarika, wakayatia moto. Alitegemea kujisikia vizuri. Hakujisikia hivyo.

Kesho yake Shemeji aliinuka akakaa kitandani.

Kutapika kulikoma. Aliomba chai, ikatulia tumboni. Rangi ilimrudia kidogo usoni. Mzee Ndama alikuja akasimama miguuni pa kitanda, akiigeuzageuza kofia mkononi, na Shemeji akaanza yeye.

"Mzee, ng'ombe wako wamelipiziwa kisasi. Sasa nikipona nataka ndama mmoja, kwa kazi ya kutafuna."

"Utapata," Mzee Ndama akasema haraka. "Utapata jike."

Dada alicheka mpaka akafuta machozi. Alimkata mumewe kucha, akamchana nywele, zikatoka na vumbi la kahawia. Nyundo alikwenda wodi ya pili karibu akimbie.

"Amekaa! Anakunywa chai, anatania watu!"

Daktari hakutabasamu. "Anakojoa?"

"Hee! Nitajuaje?"

"Kamuulize dada yako."

Nyundo alirudi. Alimwita Dada pembeni, akamuuliza kwa aibu, kaka na dada hawaulizani mambo hayo. Dada alifikiri. Uso wake ukabadilika. Akasema tangu jana asubuhi, hapana. Hata tone.

Shemeji alizidiwa tena kabla ya magharibi. Safari hii hakutapika sana. Alivimba miguu, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, akiwapigia bei ya mashudu. Kisha mwili ukamkamata. Ulimtupa juu na chini, kitanda kinatembea sakafuni, na Nyundo akaitwa ashike miguu kwa sababu wauguzi walishindwa. Aliishika. Miguu ile ilimpiga kifuani kwa nguvu ambayo Shemeji hakuwahi kuwa nayo alipokuwa mzima. Nyundo alikaza kama anashika gunia lisifumuke, akimwambia, "Tulia, tulia, mdogo wangu, tulia." Alfajiri alitulia. Muuguzi alimkagua, akatazama saa ya ukutani, akamfunika.

Dada hakupiga ukelele. Alikunja nguo za mumewe, akazifunga, akatoka nazo kwenye korido. Watu walikuwa wengi pale, wagonjwa wa mapema, mapacha, Mzee Ndama, na daktari wa mifugo ameegemea ukuta na plasta yake.

"Nani alimpa?" Dada akauliza.

Mapacha walitazama chini.

"Nauliza. Mume wangu alikuwa mtani lakini hakuwa mwehu. Hawezi kuinama akaokota makapi akala. Nani alimwekea mkononi?"

"Mimi," Nyundo akasema.

"Wewe."

"Nilimwambia ale awaonyeshe."

Dada aliweka furushi chini. Akampiga. Kofi la kwanza lilikuwa la wazi, likasikika mpaka mwisho wa korido. Kisha ngumi. Kisha alivua kiatu chake chenye kisigino cha mti, akampiga nacho kwenye nyusi, kwenye mdomo, kwenye kile kichwa kilichovunja pua za watu, na damu ikamshuka Nyundo machoni. Hakuinua mkono wala hakuinamisha kichwa. Muuguzi alitaka kuingilia, na daktari wa mifugo akamzuia kwa mkono wake mzima.

"Nilikukabidhi!" Dada alikuwa anasema kila anapopiga. "Nilikukabidhi! Nilikukabidhi!"

Alipochoka alivaa kiatu. Aliokota furushi. Alikuwa anahema.

"Mama yake hajui," akasema. "Anajua mwanawe anaumwa tumbo. Nenda kamwambie. Usimtume mtu. Na umwambie ulivyompa."

Nyundo alikwenda kwa miguu. Ilikuwa mbali, upande wa pili wa mji, na watu njiani walimpisha walipoona uso wake. Nyumba ilikuwa ya chumba na ukumbi, mlango wazi, pazia limefungwa fundo. Yule mama alikuwa amemaliza kupika. Alikuwa anakung'uta maji kwenye sahani. Alimwona kizingitini akapiga makofi ya mshangao.

"Ewe baba wee! Umepigana tena? Umri huo, mwanangu, huoni aibu? Hebu ingia. Kaa hapo. Utakula kwanza, ndipo nikuoshe hiyo damu. Na mwenzio vipi, tumbo limepoa?"

Alikuwa tayari anapakua. Alijaza sahani, akaongeza, akaja nayo kwa mikono yote miwili.

Nyundo hakukaa.

"Weka sahani chini, mama," akasema.